Fundi Aliyenichumbia Kanipandishia Bei ya Breki

Mpendwa Bi Sabaha,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisini, bosi ametoka kwenda bandarini, na mashine ya kuchapa naigonga kwa nguvu ili wenzangu wadhani ni barua ya kazi, kwa hiyo ukikuta makosa usidhani sijui kuchapa, maana kuchapa ndiyo kazi yangu huu mwaka wa tisa, hapa Posta kwenye kampuni ya kutoa mizigo, ni moyo tu haujatulia, na nisipolitoa hili leo sijui nitalitoa lini.

Naitwa Moza, nina miaka thelathini na moja, naishi Mchafukoge ghorofa ya pili pamoja na mama yangu, na mwaka juzi kaka yangu Abdulrazak anayefanya kazi Dubai alituletea kigari kidogo cha Kijapani, kimetumika lakini bado kizuri, rangi ya maziwa, na fundi aliyekipokea na kukitengeneza tangu siku ya kwanza ni wa Buguruni, anaitwa Zahoro, mtu mpole, mikono mikubwa, haongei sana, akishainua boneti anaongea na injini kuliko anavyoongea na mwenye gari. Mwanzoni alikuwa anakuja kukitazama Jumapili moja kwa mwezi, halafu kila Jumapili, mama akaanza kumwekea chakula, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuomba kigari kipate hitilafu kidogo kila ikifika Jumamosi, na mama yangu hajawahi kuuliza ni gari gani hili linaloumwa Jumapili tu na siku za kazi ni zima.

Sasa mwezi wa tatu breki zikaanza kupiga kelele kweli, nikikanyaga hata watu walioko ng'ambo ya barabara wanageuka, na Zahoro akasema pedi za mbele zimekwisha, twende Kariakoo tukanunue, na kwa kawaida mimi humpa pesa aende mwenyewe, lakini safari hii nilisema nitakwenda naye, na nakuungamia Bi Sabaha, nilijitanda mtandio mpya kwenda kununua breki.

Duka lenyewe liko upande wa Gerezani, mwenye duka ni kijana wa Kihindi anaitwa Ketan, vipuri vimepangwa mpaka darini, vya Japani, vya Taiwan na vya kule ambako haijulikani, na Zahoro akaegemea kaunta akasema, "Ketan, mambo? Nina mgeni wangu hapa, nipe pedi za mbele za kigari chake, za Japani, siyo zile za kubahatisha." Ketan akanitazama mimi, akamtazama Zahoro, akauliza, "Mgeni wako?" na Zahoro akajibu, "Mgeni wangu," huku macho yako darini kama anatafuta panapovuja, ndipo Ketan akasema, "Elfu kumi na sita," na mimi nikalipa bila kubishana kwa sababu mwanamke aliyejitanda mtandio mpya habishani bei.

Neno lile liliniuma pale pale, kwamba mtu amekula pilau ya mama yangu Jumapili karibu miaka miwili, halafu mbele za watu mimi ni mgeni. Nikamwachia gari, nikalichukua kesho yake jioni, na akanipa vipuri vya zamani vimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Vya zamani hivi hapa, uvitazame mwenyewe," maana ndivyo wanavyofanya mafundi waaminifu ili ujue kweli vimebadilishwa, na mimi nikavitupia ndani ya buti, viko huko mpaka leo, sijavifungua kwa sababu vinanuka na vina masizi. Kazi aliifanya vizuri, sitasema uongo, breki ikikanyagwa gari linasimama, kelele hakuna, hata hendibreki siku hizi inashika, na lile tofali nililokuwa naliweka nyuma ya tairi pale maegesho ya ofisi penye mteremko nimelitupa.

Wiki iliyofuata ikaletwa barua ya posa. Aliileta mjomba wake, Mzee Awadhi, ndiye mshenga, bahasha nzuri imefungwa kwenye leso, mama akaipokea kwa heshima zote akasema jibu mtalipata baada ya wiki mbili, na mimi jikoni nilicheza peke yangu mpaka sufuria ikaanguka, mama akaja kutazama akanikuta naiokota sufuria huku nacheka, na yeye naye akacheka.

Furaha hiyo ilikaa siku moja tu. Kesho yake jirani yetu wa ghorofa ya chini, Charmi, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, akaja na boksi la pedi kama zile zile, baba yake mzee Devendra ana gari la aina ile ile, Charmi amemnunulia duka lile lile, nikamuuliza kwa kutaka kujua tu, shilingi ngapi, akasema elfu kumi na moja. Nikasema haiwezekani. Charmi akasema, "Mimi nilimwambia Ketan kwamba jirani yangu mwenye kigari cha rangi ya maziwa naye alinunua kwake, akacheka sana, akaniambia yule dada alikuja na fundi, na fundi akisema 'mgeni wangu' maana yake niongezee cha juu changu, kesho nitapita kuchukua. Angesema 'huyu wa nyumbani' nisingeongeza hata senti." Charmi alinisimulia kama kichekesho, na mimi nikacheka naye, nikapanda juu, nikajifungia bafuni nikafungua bomba ili nilie mama asisikie, na siku hiyo maji yalikuwa hayatoki, kwa hiyo mama alisikia kila kitu.

Sikumuuliza Zahoro. Nilimwambia mama tumsubiri Abdulrazak atoe neno lake kutoka Dubai, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na hapa ndipo pananichoma zaidi Bi Sabaha, kwa sababu Abdulrazak alijibu siku ya pili yake tu kwa faksi hapa hapa ofisini, ameandika, "Kubalini, ni mtu mwema, na kigari kitapata fundi wa kudumu," na faksi hiyo nimeificha kwenye droo yangu chini ya karatasi za kaboni, mama hajaiona, na kila Jumapili ananiuliza vipi kaka yako yuko kimya hivi, na mimi nasema labda ana kazi nyingi.

Hii ni wiki ya sita. Zahoro haji tena Jumapili kwa sababu si adabu mtu kuja kula kwenye nyumba aliyoposa kabla hajajibiwa, lakini kila siku saa kumi anapiga simu ofisini, anasema, "Kigari hakijambo?" na mimi nasema, "Hakijambo," halafu nakata. Hajauliza habari ya posa hata mara moja. Sasa Mzee Awadhi ametuma salamu kwamba Jumapili ya wiki ijayo baada ya alasiri atakuja mara ya mwisho, kama hakuna jibu ataichukua barua yao arudi nayo, na nimesikia dada yake Zahoro ameshamwona msichana mwingine Temeke.

Bi Sabaha, niolewe na mtu aliyeniibia elfu tano mbele ya macho yangu, tena kwenye breki, kitu cha kuokoa roho yangu? Akiniongezea cha juu mimi kabla hajanioa, je, nikimpa pesa ya kwenda sokoni? Moyo unasema mwache. Lakini ikifika saa kumi kasoro dakika mbili mkono wangu unakuwa tayari juu ya simu. Nishike lipi?

Mimi Moza,
Mchafukoge, Dar es Salaam, Mei 1996


BI SABAHA ANAJIBU

Marahaba, Moza mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Mara ya pili nimekasirika, na nitakuambia kwa nini, ila tulia kwanza, tuanze na hizo breki.

Mimi sijui gari hata kidogo, napandishwa na kushushwa tu. Kwa hiyo nimemwita dereva wetu wa gazeti, Mzee Pantaleo, ambaye amenunua vipuri Kariakoo tangu zile siku unaingia dukani unakuta rafu tupu na muuzaji anakuomba radhi. Siku hizo hakukuwa na cha juu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuongezea. Leo biashara imefunguliwa, mali imejaa mpaka darini kama ulivyoona, na kitu kimoja kina bei nyingi kama majina ya wanunuzi. Pantaleo amethibitisha maneno ya Ketan. Fundi akisema "mgeni wangu" anaongezewa, akisema "wa nyumbani" haongezewi. Ni lugha yao, na mimi siipendi, na mafundi mnaosoma hapa mjue siipendi. Mteja akikuamini akaja na wewe dukani, kumsemea kwa mafumbo mbele ya uso wake ni utovu wa adabu, hata kama ni shilingi mia.

Lakini nilimtuma Pantaleo apite dukani kwa Ketan, peke yake, bila fundi, bila kujuana na mtu, aulize pedi za kigari kama chako. Akaambiwa elfu kumi na tatu na mia tano. Unaona? Hiyo ndiyo bei ya mtu wa kawaida. Elfu kumi na moja ya Charmi siyo bei ya duka, ni bei ya Charmi. Watu wake na watu wa Ketan wanaalikana harusini, angeongezewa, mzee Devendra angempigia simu baba yake Ketan siku hiyo hiyo. Rafiki yako naye ni wa nyumbani, basi tu kwa mlango mwingine, na hakuna aliyemwita mwizi. Kwa hiyo cha juu cha Zahoro hakikuwa elfu tano, kilikuwa elfu mbili na mia tano. Hasira yako ipunguze nusu, hiyo nusu iliyobaki tunaishughulikia sasa.

Nijibu mimi, mwanangu. Siku ile dukani, wewe ulikuwa nani kwa Zahoro? Posa ilikuwa bado. Mama yako alikuwa hajaulizwa. Nimemuuliza Pantaleo, fundi anamwita nani "wa nyumbani"? Akasema, mama yake, dada yake, au mkewe. Basi. Wewe si mama yake, na dada yake Zahoro, Ketan anamjua kwa sura. Ketan ni mfanyabiashara, ana macho, akaona mtandio mpya, akamuuliza makusudi, "Mgeni wako?" Alikuwa anamfungulia mlango, kijana wa watu. Na yule mwenye mikono mikubwa akatazama dari. Kwa nini mtu anayeiba atazame dari? Mwizi anatazama mkoba. Huyo alikuwa anaona haya, Moza. Angesema "wa nyumbani" ingekuwa amekutangaza mkewe kwenye duka lililojaa watu kabla hajatuma barua kwa mama yako, na najua kabisa ungeniandikia barua nyingine, "Bi Sabaha, fundi kaniita mke wake Kariakoo, mama hajui, nifanye nini?"

Simtetei. Angeweza kusema "dada huyu," angeweza kusema jina lako tu, nalo ni jina zuri. Ulimi umezoea kaunta, ukateleza. Kwa hilo atakuomba radhi, na umwache aombe mpaka amalize, usimkatize.

Sasa nije kwenye tofali. Nilipomsomea Mzee Pantaleo mahali unaposema hendibreki inashika na tofali umelitupa, aliweka kikombe chini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mama Sabaha, pedi ni za mbele, hendibreki inavuta nyuma. Ukibadilisha za mbele peke yake, ya nyuma haiponi ng'o." Anasema ili hendibreki hiyo ishike, lazima mtu amefungua magurudumu ya nyuma, amebandua lainingi zilizokwisha na kubandika mpya, na mali hiyo hata kwa bei ya kujuana haipungui elfu nne. Wewe hukutoa hiyo elfu nne. Mama yako hakutoa. Kaka yako yuko Dubai. Hebu niambie nani kaitoa.

Umenieleza mambo mengi kwenye barua yako, mpaka sufuria iliyoanguka. Hukunieleza hata mahali pamoja kwamba karibu miaka miwili ya Jumapili umewahi kumlipa huyo mtu pesa ya ufundi. Nimetafuta, sikuona. Pilau hesabu yake ni nyingine.

Mimi si mpiga ramli, kwa hiyo sikuambii niamini. Nakuambia leo jioni teremka chini, fungua buti, toa kifurushi cha gazeti, kifungue kwa mikono yako. Masizi yanaoshwa. Hesabu. Ukikuta vipande vinne bapa, hizo ni pedi za mbele tu, na una haki ya kumdai maelezo, umdai kwa mdomo wako mwenyewe, siyo kwa kukata simu. Lakini ukikuta vipande vinane, vinne bapa na vinne vilivyopinda, hivyo vilivyopinda ni zile lainingi za nyuma, na ujue cha juu chako kilirudi kwenye magurudumu yako pamoja na pesa ya mfukoni mwake, na kwamba alikukabidhi ushahidi mkononi akakuambia uutazame. Ukautupia kwenye buti kwa sababu unanuka!

Hapo ndipo nilipocheka. Sasa nikukasirikie.

Unamshitaki Zahoro kwa neno moja alilosema kwa haya. Je, wewe? Una faksi kwenye droo. Umemdanganya mama yako wiki sita, mama aliyekusikia ukilia bafuni na bado akakutunzia siri, ukamsingizia ndugu yako aliyeko mbali kwamba yuko kimya, na yeye maskini kajibu siku ya pili. Mzee mzima kama Awadhi umemweka anasubiri kama mtu wa kuomba kazi. Zahoro kaongeza shilingi, wewe umeongeza wiki. Shilingi zinarudishwa, nimeshakuonyesha hata jinsi zinavyoweza kurudishwa. Wiki utazirudishaje?

Naelewa kwa nini. Nina umri wa kuelewa. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, kazi yake anaijua, gari lake analiendesha mwenyewe, ameishi vizuri na mama yake, halafu anakuja mtu anagusa kila kitu hicho. Uliogopa. Zile elfu zilikuja kama bahati, zikakupa sababu ya kuogopa iliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna ubaya kuogopa, mwanangu. Ubaya ni kumfanya mtu mwingine mwizi ili wewe usionekane mwoga. Nakusema kwa sababu unaweza kuvumilia kusemwa, mtu anayejiandikia mwenyewe habari za mtandio wake anaweza.

Haya, kazi zako hizi.

Kesho faksi itoke kwenye hiyo droo iende mikononi mwa mama. Usitafute maneno ya kuisindikiza, mpe, mwambie niliificha, atakusema, msikilize, halafu atakuandalia chai kwa sababu ndivyo mama walivyo wakiwa wamekasirika kidogo na wamefurahi sana.

Kifurushi kifungue kabla ya kulala, usikiache mpaka Jumapili. Matokeo usiniandikie mimi. Mimi sina posa kwako.

Na Alhamisi saa kumi simu ikilia, ipokee. Akikuuliza kigari hakijambo, mwambie kigari hakijambo tangu mwezi wa tatu, anajua vizuri kuliko wewe, sasa aulize habari yako. Halafu nyamaza. Mwache atafute maneno, hata kama ni dakika tano, hata kama bosi amerudi kutoka bandarini. Mtu huyu kwa wiki sita ameuliza habari za gari kila siku kwa sababu hathubutu kuuliza habari za mwenye gari. Mwulize na wewe kuhusu dukani, moja kwa moja, bila mafumbo, maana mafumbo mmekwisha kuona yalivyowafikisha. Ukiridhika na jibu, vizuri. Usiporidhika, mwambie hapana, nalo ni jibu, ataumia na atapona. Na ukiolewa naye, siku mnakwenda Kariakoo pamoja, wewe ndiye utakayeongea na Ketan, yeye abebe boksi.

Barua yako ilifika mezani kwangu Ijumaa. Leo Jumatano umejibiwa, na mimi hata sura yako siijui. Ya Zahoro iko kabatini kwa mama yako, imekunjwa kwenye leso, wiki ya sita. Jibu barua ya watu, Moza.